Wasiwasi wa udhu: Ucha Mungu, shetani au maradhi?

Na Mwandishi Wetu

Msikiti wowote wenye waumini wengi una mtu wake wa bombani. Adhana inaadhiniwa yupo, inakimiwa yupo, jamaa wanainuka rakaa ya pili naye bado anasugua kisigino. Ameosha mkono wa kulia mara nane, akaona huenda maji hayakufika kwenye kiwiko, akaanza upya. Walio nyuma yake kwenye foleni wananung'unika kuwa anamaliza maji ya tangi. Baadhi ya wazee wanamsifu kuwa kijana ana taqwa. Wengine wananong'ona kuwa ana shetani wa udhu. Ni wachache sana wanaofikiri kwamba huenda anaumwa.

Safu hii kwa kawaida huhimiza usafi. Leo, ndugu msomaji, tuzungumzie usafi uliovuka mpaka ukageuka adhabu.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, wasiwasi ni hofu au mashaka. Wanazuoni wa fiqhi wanapolitaja neno hili wanakusudia jambo mahususi zaidi: ule mnong'ono unaomjia mtu katika tohara na swala, ukamwambia hukunuia, hukuosha, umetokwa na upepo, nguo yako ina najisi. Kila mmoja wetu umewahi kumpitia. Mtu anautupa, anaendelea na ibada yake. Lakini wapo ambao haupiti. Unakaa, unarudi, unadai.

Madaktari wa afya ya akili wana jina kwa hali hiyo ikifikia kiwango cha maradhi. Ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na vitendo vya kulazimika, maarufu kwa kifupi chake cha OCD. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo linaloingia bila kukaribishwa, linamchoma mtu na kumjaza hofu. Ya pili ni kitendo anachokifanya ili apate nafuu: kuosha tena, kurudia takbira, kubadili nguo, kumuuliza mtu. Nafuu inakuja, lakini ya dakika chache tu. Kisha wazo linarudi likiwa na nguvu zaidi, kwa sababu ubongo umeshajifunza kwamba kilichomwokoa ni kule kuosha. Ni mfano wa mwenye upele. Anapojikuna anaona raha, na kwa kujikuna huko huko upele unazidi.

Inakadiriwa kuwa katika kila watu 100, mmoja hadi watatu hupatwa na ugonjwa huu katika maisha yao. Huwapata wanaume na wanawake, na una tabia ya kujitokeza zaidi katika baadhi ya familia. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kabla ya miaka 25. Hapo wazazi wa Kiislamu wana jambo la kuzingatia. Umri huo ndio ambao mtoto anabaleghe, anafundishwa madrasa hukumu za janaba, hedhi, kustanji na josho. Akianza kukaa chooni saa nzima, nyumba nzima inadhani ni mwanafunzi aliyeshika vizuri somo la ustadhi. Inaweza kupita miaka kabla ya mtu kushtuka.

Je, dini ndiyo inayoleta maradhi haya? Hapana. Ugonjwa huu huvaa vazi la kile ambacho mtu anakithamini au anakiogopa kuliko vingine. Asiye na dini huosha mikono akihofia vijidudu, au huamka mara kumi usiku kuangalia kama amefunga mlango. Wakatoliki wanaujua kwa karne nyingi katika sura ya mtu anayerudi kila mara kuungama dhambi ile ile. Mjini Cairo, Profesa Ahmed Okasha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ain Shams walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa wagonjwa 90 wa aina hii, na mawazo yaliyoongoza yalikuwa yale ya dini na ya uchafu. Katika jamii inayotawadha mara tano kwa siku, maradhi yanajificha bombani. Ndiyo maana yanachelewa kuonekana.

Utamjuaje?

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 19 anayeishi na wazazi wake. Anaingia bafuni kabla ya Adhuhuri, anatoka Alasiri inakaribia. Amemaliza ndoo tatu. Vidole vyake vimechanika kwa maji na sabuni, na kati ya vidole vya miguu ngozi imelainika na kuanza kuota fangasi. Kanga iliyogusa sakafu anaifua tena. Mdogo wake akitoka nje na kurudi, haruhusiwi kukalia kitanda chake. Akishatawadha anamwita mama yake: "Mama, umeniona nimepaka kichwa?" Mama anajibu, "Nimekuona mwanangu." Baada ya muda mfupi anauliza tena. Na tena.

Mama anajibu kwa huruma, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kila jibu ni mkuno mwingine juu ya upele.

Kipimo wanachokitumia madaktari si kigumu. Kama mawazo hayo na vitendo vyake vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinamkosesha mtu masomo, kazi, usingizi, ndoa au swala yenyewe, hilo si jambo la kusubiri lipite. Dalili nyingine ni kwamba mwenyewe kwa kawaida anajua kuwa amezidisha, anaona aibu, lakini hawezi kuacha. Mcha Mungu akishatawadha moyo wake unatulia. Huyu akitawadha moyo ndio unaanza kwenda mbio.

Wanaume angalau wanaonekana msikitini. Wanawake wengi wanateseka ndani, nyuma ya mlango wa bafu, na kwao mambo ya hedhi na istihadha yanaongeza milango ya shaka. Mume asiyejua anaona maji yanaisha, ndoa inaingia ugomvi, na talaka inaweza kutajwa juu ya jambo lenye dawa.

Aina iliyofichika kuliko zote haina maji wala sabuni. Ni mtu anayejiwa na mawazo ya kufuru, matusi dhidi ya Mola wake au picha chafu ndani ya swala, naye hayataki hata kidogo. Anaogopa kumwambia mtu, kwa kuwa anadhani ameshatoka katika Uislamu. Wapo walioacha kabisa kuswali kwa kuogopa mawazo hayo, watu waliokuwa wakiipenda swala kuliko sisi. Huyu aambiwe habari iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.): baadhi ya Maswahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamlalamikia kuwa wanakuta nafsini mwao mambo mazito ambayo hawathubutu kuyatamka. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa kule kuyachukia kwao ndiko imani iliyo wazi. Hakuwaambia wasilimu upya.

Sharia imesema nini

Anayedhani kuwa wingi wa maji ni wingi wa ibada arejee mafundisho. Anas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kukoga kwa kiasi cha pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, kiasi kisichofika lita moja. Kwa hesabu hiyo, dumu la lita 20 linatosha udhu wa mtu mmoja kwa zaidi ya siku nne. Ama kuosha zaidi ya mara tatu, hadithi iliyomo kwa Abu Daud na Nasai inamhesabu mwenye kuzidisha kuwa amekosea na kudhulumu. Na mwenye kuhisi kama ametokwa na upepo ndani ya swala aliamrishwa asiikate mpaka asikie sauti au apate harufu. Kanuni ya fiqhi iliyojengwa juu ya hadithi hiyo inajulikana na kila aliyesoma madrasa: yakini haiondolewi na shaka.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, wamekwenda mbali zaidi katika kuondoa uzito. Tope la njiani, ambalo ni shida mtu kujikinga nalo, wamelisamehe kiasi chake hata kama lina najisi. Anayeijua Kariakoo wakati wa masika ataithamini hukumu hiyo.

Ibn al-Jawzi ana kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Aqil, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1119, akamlalamikia kuwa anazama majini mara nyingi na bado anashuku kama josho lake limesihi. Ibn Aqil akamwambia aende zake, swala imemwondokea. Mtu yule akashangaa kwa nini. Akajibiwa kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka apone, na anayezama majini kisha akashuku kama maji yamemgusa, huyo ni mwendawazimu. Jibu kali, na sisi hatushauri shekhe yeyote alitumie leo kwa mgonjwa aliyemjia na machozi. Lakini tazama jambo moja. Karne tisa zilizopita mwanachuoni huyo hakuita hali ile taqwa. Aliiona kuwa ni shida ya akili.

Na kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha manufaa ya miili na nafsi. Ndani yake akatenga mlango maalumu wa wasiwasi, akauzungumza kama tabibu anavyozungumza maradhi. Mojawapo ya nasaha zake ni kwamba mwenye hali hiyo asiachwe akae peke yake, maana upweke ndio shamba la mawazo hayo.

Vipi kuhusu shetani? Hatuukani uchochezi wake. Uthman bin Abil-As (r.a.) alilalamika kuwa shetani anamwingilia katika swala yake, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza ajikinge kwa Allah na ateme kidogo kushotoni mara tatu. Hadithi hiyo iko kwa Muslim. Ama ile maarufu inayomtaja shetani wa udhu aitwaye Walhan, Tirmidhi mwenyewe aliyeipokea amesema isnadi yake haina nguvu. Aliyejikinga, akasoma nyiradi zake, na hali ikaisha, alhamdulillah. Aliyejikinga miaka miwili na ngozi inaendelea kuchanika, huyo anahitaji pia daktari. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, kama ilivyopokewa na Usama bin Sharik, aliwaambia wajitibu, kwa kuwa hakuna ugonjwa uliowekwa ila umewekewa dawa, isipokuwa uzee. Maradhi ya akili hayakutolewa nje.

Shekhe na daktari wanakutana wapi

Hapa kuna jambo la kupendeza. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi ambaye Tuhfa yake inajulikana na masheikh wa pwani, aliulizwa kama wasiwasi una dawa. Akajibu kuwa dawa yake yenye kufaa ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsi inasitasita. Kwani asiyeugeukia hautulii kwake, na anayeutii unazidi mpaka umfikishe kwenye hali ya wendawazimu. Alifariki karne ya 16. Mwaka 1966, mjini London, mwanasaikolojia Victor Meyer alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wa kuosha na kurudiarudia aliowatibu kwa njia iliyoonekana mpya. Waliwekwa karibu na kile wanachokihofia, kisha wakasaidiwa wasifanye kile kitendo cha kujipoza. Njia hiyo ikaendelezwa, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu.

Tofauti ni kwamba kumwambia mgonjwa apuuze ni rahisi, kupuuza ndiko kugumu. Mtaalamu hamtupi majini. Anamshika mkono ngazi kwa ngazi. Wiki hii unaosha kila kiungo mara tatu na unafunga bomba hata moyo ukipiga kelele. Hofu inapanda, unaiacha, inashuka yenyewe bila kuosha. Wiki nyingine mara moja moja. Baadaye unakalia kiti ulichokuwa unakishuku kisha unaswali na nguo hiyo hiyo. Kidogo kidogo ubongo unajifunza kwamba hofu hupita.

Waislamu wengi wanaogopa kwamba daktari atawaamuru washike najisi kisha waswali nayo. Hofu hiyo inaeleweka, hasa daktari akiwa si Muislamu. Tiba hii haihitaji kuvunja sharia. Inamtaka mgonjwa afanye kile wanachofanya Waislamu wengine wote: atawadhe kama watu, atoke, aswali. Mpaka huo anayeweza kuuchora ni shekhe, na ndiyo maana tunasema tiba bora ya wasiwasi wa udhu ina viti viwili. Daktari aseme zoezi, shekhe aseme kiwango cha chini kinachotosha kisharia. Anayejua fiqhi atampa mgonjwa ruhusa ambazo daktari hawezi kuzitoa.

Lakini shekhe naye ana mtego wake. Mgonjwa wa wasiwasi ni muulizaji. Atauliza suala moja leo, kesho atalirudia kwa maneno mengine, keshokutwa atapiga simu kwa shekhe wa mtaa wa pili. Anayemjibu kila mara anadhani anafundisha, kumbe anamkuna. Njia nzuri ni kumpa jibu moja, fupi, ikiwezekana liandikwe, kisha kumwambia kwa upole: "Mwanangu, hili tumeshalimaliza, rudi kwenye lile jibu." Na achague shekhe mmoja tu. Hukumu za mtu mwenye shaka ya kawaida, zile za kujenga juu ya yakini na kurudia, asisomewe yeye kama zilivyo. Wanazuoni wamemwekea mgonjwa wa wasiwasi hukumu yake.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Yule mama wa mfano wetu akae na binti yake siku ametulia, wakubaliane: ukiniuliza nitakujibu mara moja tu, ukirudia nitakukumbusha mapatano yetu. Asikatize ghafla kwa ukali, asifunge maji, asimcheke mbele ya ndugu. Mapatano yafanywe naye, yasifanywe dhidi yake.

Zipo pia dawa za vidonge. Fluoksetini na sertralini zinatumika sana, na klomipramini iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Si dawa za usingizi, wala hazimfanyi mtu kuwa zezeta kama inavyosemwa mitaani. Zinachelewa kufanya kazi: wiki 8 hadi 12 mara nyingi, kwa dozi inayopandishwa taratibu. Wengi wanaacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Kichefuchefu, kukauka mdomo au kukosa choo ni mambo ya kumweleza daktari, naye atajua la kufanya. Kuacha ghafla kuna madhara yake.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, na mgonjwa aseme wazi kuwa anaosha na hawezi kuacha. Akisema tu kuwa anaumwa kichwa ataondoka na dawa ya kichwa. Rufaa zipo: Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mkoani Dodoma, Kidongo Chekundu kule Unguja, Mathari jijini Nairobi. Majina hayo yanawatisha watu kwa sababu yamekuwa matusi ya mitaani. Anayekwenda kliniki ya nje anaonana na daktari, anachukua dawa zake, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ruqya ya Qur'an haigombani na lolote katika haya, na anayetaka asomewe asomewe. Tunachokikataa ni msomaji anayepiga, anayefunga kamba, anayemfukiza mgonjwa moshi mpaka anakosa pumzi, na zaidi ya wote yule anayesema acha dawa za hospitali ndipo kisomo kifanye kazi. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema kuwa wamemuua, akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walitoa hukumu ya maji kwa mgonjwa bila elimu.

Na kama mgonjwa ameanza kusema afadhali afe, au anaona hana thamani, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Sumu ya panya, vidonge na kamba viondolewe, na apelekwe hospitali siku ile ile. Huzuni nzito huandamana na maradhi haya mara nyingi, hasa kwa waliokaa nayo miaka bila kumwambia mtu.

Kwa wanaotumia dawa, Ramadhani ipangwe na daktari mapema, tangu Shaabani. Fluoksetini kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, hivyo inaweza kuwekwa wakati wa daku au baada ya futari. Klomipramini aghalabu hutolewa usiku. Mwenye dozi za mchana amuulize daktari kama inawezekana kuzihamisha. Ikishindikana, aya ya 184 na ya 185 za Surat Al-Baqarah zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na hazikusema kuwa mgonjwa ni wa mwili tu.